Chungu cheusi kinachong'aa, bila gurudumu, bila glezi, bila tanuri la umeme

Haya jamani karibuni. Kabla sijagusa udongo naomba mkiangalie hiki chungu, nakizungusha taratibu hapa dirishani, mnaona mwanga unavotembea tumboni kwake? Hapo hakuna rangi, hakuna vanishi, wala hakuna glezi, yani ule utando wa kioo unaouona kwenye vikombe vya dukani. Ni udongo mtupu, kijiwe cha mtoni na moshi. Watu wengi mnaniandikia mnasema dada nataka kuanza ufinyanzi ila sina hela ya gurudumu la kufinyangia, sina hela ya tanuri, sasa leo nataka nikuonyeshe kwa vitendo kwamba hata huko kwenye studio kubwa za dunia kuna kazi ya juu kabisa inayofanywa kwa mikono tu, na anayeifanya ni mzaliwa wa Nairobi.

Namzungumzia Magdalene Odundo. Kazaliwa 1950, kaenda Uingereza 1971 kusoma sanaa, huko ndo akakutana na udongo na hakuuacha tena. Vyungu vyake leo viko British Museum na makumbusho mengine mengi, na 2020 Waingereza wakampa heshima ya kuitwa Dame, yani cheo cha heshima wanachopewa wanawake. Na hatumii gurudumu! Anaujenga mkono kwa mkono, anasugua, anachoma mara moja kinatoka chekundu cha kutu, akitaka cheusi anakichoma tena kwenye moshi. Hizo hatua ndo tutazifuata leo, kwa vifaa vya nyumbani kwetu, na hutafika alipofika yeye kwa chungu cha kwanza ila utaelewa kwa nini watu wanasimama mbele ya kazi zake wakanyamaza.

Tuanze na udongo. Huu nimeuchota bondeni, unaweza ukaununua kwa wafinyanzi wa vyungu vya kupikia, wapo karibu kila mkoa, mfuate mama anayeuza vyungu sokoni mwambie ukweli kwamba unajifunza, atakusaidia. Uloweke kwenye ndoo siku mbili tatu mpaka uwe uji, upitishe kwenye chekeche au wavu wa dirishani utoe mawe na mizizi, halafu umwage juu ya kitambaa kwenye sakafu ya saruji ukae mpaka uweze kukandika. Usiuchekeche ukiwa mkavu ndani ya chumba, vumbi la udongo lina silika, yani madini yale yale ya mchanga ila laini sana, na silika inakaa kwenye mapafu haitoki, kwahiyo kazi ya vumbi fanya nje na uvae barakoa, na sakafu ifute kwa kitambaa kibichi usifagie.

Sasa kitu ambacho wengi wanaruka. Chukua vigae, vyungu vilivovunjika, vitwange kwenye kinu cha zamani mpaka viwe kama unga wa sembe, chekecha, halafu changanya kwenye udongo wako, sehemu moja ya vigae kwa sehemu tano za udongo. Hivi vigae vimeshapita motoni havisinyai tena, kwahiyo vinaupunguzia udongo kusinyaa na vinauachia njia ndogo ndogo za mvuke kutokea. Bibi zetu walilijua hili kabla hakujawa na kitabu. Ukikosa vigae tumia mchanga laini, ila vigae ni bora, na kwa chungu cha kung'arisha visage viwe laini sana la sivyo kijiwe kitaving'oa na kuacha mikwaruzo.

Kanda. Kanda kama unga wa chapati, sukuma mbele, kunja, sukuma, mpaka ukikata kwa waya usione tundu hata moja la hewa. Halafu jaribu hivi, viringisha udongo uwe kamba nene kama kidole, izungushe kwenye kidole chako, ikipasuka pasuka udongo hauna mvuto wa kutosha, uache ulale kwenye ndoo yenye mfuniko wiki moja au hata mwezi. Udongo uliolala unafanyika vizuri zaidi.

Haya tunajenga. Chukua donge kama nazi iliyofuliwa, liweke kwenye bakuli ulilolitandikia kitambaa, piga ngumi katikati, tena, tena, zungusha bakuli huku unapiga, kikishakuwa na shimo weka kidole gumba ndani na vinne nje na uvute ukuta juu, usiwe na haraka. Hapa ndo panakuwa kitako na nusu ya chini ya tumbo. Unene uwe kama milimita 6 au 7, na uwe sawa kila mahali, kwa sababu sehemu nene na nyembamba zinakauka kwa kasi tofauti na pale zinapokutana ndo panapochanika.

Juu ya hapo tunapandisha kwa kamba. Viringisha kamba nene kama kidole cha kati, iweke kwa ndani kidogo ya ukingo, halafu kwa kidole gumba buruza udongo wa kamba kuushusha chini kwa ndani, na kwa nje uburuze pia, usiziache kamba zimekaa tu juu ya mwenzake kama pete, lazima zishikane ziwe kitu kimoja. Kamba tatu au nne, basi, acha. Funika ukingo kwa kitambaa kibichi na uache chini kukaze kidogo saa moja mbili ndo uendelee, ukilazimisha kupandisha chote kwa mara moja tumbo litalegea na kukaa chini, na likishakaa halinyanyuki.

Mnaona mimi nazungusha bakuli? Odundo alienda Nigeria mwaka 1974 kwenye kituo cha ufinyanzi cha Abuja, ile Abuja ya zamani ambayo siku hizi inaitwa Suleja, kituo kilichoanzishwa na Mwingereza Michael Cardew, na pale akajifunza kwa akina mama wa Kigwari, mmoja wao Ladi Kwali, yule ambaye picha yake iko kwenye noti ya naira 20. Ladi Kwali hakuzungusha chungu. Chungu kilitulia, yeye ndo alikizunguka, amejiinamia anarudi kinyumenyume mkono uko ndani, mduara unatoka kwenye miguu yake. Na kwetu, kina mama wa Kikisi wa Ikombe kule Ziwa Nyasa, wale ambao vyungu vyao vinapakiwa kwenye mitumbwi kupelekwa soko la Lyulilo Matema, wao wanakizungusha chungu chenyewe kwa mkono wakati wanafinyanga. Chagua inayokufaa. Kama una nafasi jaribu kukizunguka wewe siku moja, utaona mwili mzima unaingia kwenye kazi, sio vidole tu.

Tukifika hapa begani anza kufunga, kila kamba ikae ndani zaidi ya ya chini yake. Lugha yetu imeshatufundisha umbo kabla hatujaanza, chungu kina tumbo, kina bega, kina shingo, kina mdomo. Ukitazama kazi za Odundo unaona hilo hilo, tumbo la mama mjamzito, shingo ndefu iliyoinama kidogo, mdomo uliopanuka kama kilemba, na mara nyingi havikai sawa kwa sawa, vinaegemea upande kama mtu aliyesimama kwa mguu mmoja anasikiliza. Kwahiyo usihangaike na ulinganifu wa kiwandani. Hangaika na mstari. Kitoe nje ukiangalie kivuli chake ukutani, kivuli hakidanganyi, pale ambapo mstari unavunjika utapaona.

Kikikaza kidogo tunakwangua. Kipande cha kibuyu kilichokatwa nusu duara ni bora kuliko chochote, kwa sababu kina mviringo wake, na Odundo mwenyewe anatumia kibuyu. Huna, tumia kifuu cha nazi kilicholainishwa ukingo. Kwangua kwa nje huku mkono wa pili uko ndani unapokea, unasikia unene kwa viganja. Hapa nimeharakisha video lakini ujue ilinichukua asubuhi nzima.

Sasa tumefika kwenye moyo wa kazi, kusugua.

Subiri mpaka chungu kikaze kama sabuni ya mche, yani ukibonyeza kwa kucha inaacha alama lakini kidole hakizami. Chukua kijiwe laini cha mtoni, mimi nina vitano kwa maumbo tofauti, cha mviringo kwa tumbo, chembamba kwa shingo. Namna ya kukichagua, kipitishe shavuni kwako, kikikwaruza shavu kitakwaruza na chungu. Mgongo wa kijiko cha chuma pia unafaa sana. Sugua eneo dogo tu kama kiganja, kwa mzunguko, kwa nguvu ya wastani, halafu pita tena kwa mwelekeo mmoja kufuta alama. Unachokifanya hapo ni kuzilaza chembe za udongo, zile chembe ni kama vibamba vidogo sana, zikisimama hovyo mwanga unatawanyika, zikilala zote upande mmoja mwanga unarudi, ndo huo mng'ao.

Sikiliza. Nimeweka maiki karibu makusudi. Hiyo sauti ya kuteleza ndo sawa. Kijiwe kikinata na kuburuta udongo, ni mapema, kiache. Kikianza kulia kwaru kwaru umechelewa, lowesha kwa sponji iliyokamuliwa na usubiri dakika chache. Na ukimaliza chungu kizima ukalala ukaamka ukakuta mng'ao umefifia usilie, kimesinyaa tu, chembe zimejikunja, sugua tena mara ya pili na ya tatu. Mara ya tatu ndo inabaki.

Tunakuja kwenye uji wa kung'arishia. Wafinyanzi wa studio wanauita kwa jina la Kilatini, tera sijilata, na Warumi walikuwa na vyombo vyao vyekundu vya kung'aa vilivyofunikwa na uji wa aina hii hii. Chukua maji lita 2, ya mvua kama unayo, changanya na udongo mwekundu mkavu uliosagwa kilo 1, na soda ash gramu 5 yani kijiko cha chai kimoja cha bapa, ile soda inayotokana na magadi, iliyosafishwa. Hiyo soda inazifanya chembe zisukumane zisishikane, kwahiyo zile nzito zinazama na zile laini kabisa zinabaki zinaelea. Koroga vizuri, weka kwenye chombo kinachoonyesha ndani, na usikiguse saa 20. Usikitikise. Utaona kumejigawa, juu maji, katikati uji laini kama maziwa, chini tope. Tunataka katikati tu. Mimi navuta maji ya juu kwa mpira wa dripu nayamwaga, halafu navuta ya katikati kwenye chupa, tope nalirudisha kwenye ndoo ya udongo. Mililita 100 za huo uji ziwe na uzito wa kama gramu 115 kwenye mzani wa jikoni, ukiwa mzito zaidi utabanduka kama magamba, ukiwa mwepesi sana acha wazi upungue maji.

Chungu kiwe kimekauka kabisa ndo unapaka, brashi laini, tabaka tatu nyembamba, na kila moja ikipoteza majimaji kabla haijakauka sana sugua kwa kitambaa laini, soksi ya zamani ya nailoni inafanya ajabu. Angalia hapa! Kinawaka papo hapo. Kuanzia sasa usikishike kwa vidole vitupu vyenye jasho au mafuta, alama ya kidole haitoki.

Kukausha. Hapa nitasema taratibu kwa sababu hapa ndo mioyo inavunjika. Chungu changu kikubwa cha kwanza nilikifinyanga msimu wa mvua, nikakiacha siku tano, nje kilikuwa kimepauka nikajua tayari, nikakiweka motoni na baada ya nusu saa kikalia kama bomu, vipande vilifika kwenye ukuta wa jirani. Maji yaliyobaki kwenye kitako yaligeuka mvuke, na maji yakiwa mvuke yanataka nafasi zaidi ya mara 1,600, ukuta wa udongo hauwezi kubeba hiyo. Niliokota kila kipande. Kwahiyo wiki mbili angalau, kivulini, kimefunikwa kitambaa siku za mwanzo, mdomo na shingo ufunike zaidi kwa sababu vinawahi kukauka. Jinsi ya kujua, kiweke shavuni, ukisikia ubaridi bado kina maji. Au kipime kwenye mzani kila asubuhi, siku tatu mfululizo uzito ukiwa ule ule, basi. Na chungu cha sentimita 30 kitakuwa kama 28, usishangae.

Moto wa kwanza, wa wekundu. Nje kabisa, mbali na nguo za watu, na uwaambie majirani. Kwanza kukipasha, weka chungu pembeni ya jiko la mkaa ukikigeuza geuza kwa saa tatu, ukisogeza karibu kidogo kidogo, mpaka tone la maji likidondoka juu yake linakauka hapo hapo. Halafu tandika vigae chini, weka chungu juu ya vigae, kizungushie na kukifunika kwa vigae vikubwa ili kuni zisikiguse, maana kuni ikigusa inaacha doa jeusi. Zungushia kuni kavu na samadi kavu ya ng'ombe, washa kwa nje, anza na moto mdogo. Ongeza taratibu. Usiku unaona vizuri zaidi, chungu chenyewe kinaanza kuwa na rangi ya damu ya mzee, hapo uko kama nyuzi 650, endelea mpaka wekundu ukolee, halafu kiache. Kwenye nyuzi 573 chembe za mchanga ndani ya udongo zinatanuka zote kwa ghafla, na zikipoa zinarudi kwa ghafla, ndo maana moto hauharakishwi kupanda na chungu hakitolewi kikiwa cha moto. Kama una rafiki mwenye tanuri la gesi au umeme mwombe akuchomee, ila mwambie asipite nyuzi 950, zaidi ya hapo udongo unaanza kuyeyuka ndani na mng'ao wote uliosugua unakufa.

Asubuhi. Hiki hapa, chekundu. Wengine wataishia hapa na ni sawa kabisa, kuna vyungu vya Odundo vimebaki vya rangi ya machungwa hivi hivi. Na kama unataka mchoro tu wa moshi, kulikuwa na Msudani mmoja mfinyanzi aliyeishi Uingereza, Siddig El'Nigoumi, alikuwa anawasha gazeti lililokunjwa anapitisha moshi wake kwenye chombo kilichosuguliwa, unaacha mawingu ya kijivu mazuri sana. Jaribu kwenye kisahani kwanza.

Sisi tunaenda kwenye weusi. Udongo ni mwekundu kwa sababu una chuma kilichoshiba hewa ya oksijeni, kama kutu tu. Ukikichoma chungu mahali ambapo hewa haiingii, moto unatafuta oksijeni unaikosa, unainyang'anya kwenye chuma cha udongo chenyewe, chuma kinageuka cheusi, na masizi yanaingia kwenye vitundu vidogo yanabaki humo. Maria Martinez, mfinyanzi wa Pueblo ya San Ildefonso, yani kijiji cha wenyeji wa asili wa Marekani kule New Mexico, alifanya vyungu vyake vyeusi vilivyojulikana dunia nzima kwa kuufunika moto na samadi iliyosagwa mpaka ukakosa pumzi, na Odundo alienda mpaka kule kuwaona wakifanya.

Chukua debe la mafuta ya kula, tupu, ulichome kwanza peke yake lisafike. Usitumie ndoo ya bati lenye zinki, moshi wa zinki ni sumu, nasisitiza. Weka maranda chini vidole vinne, weka chungu, jaza maranda ndani ya chungu pia, jaza pembeni mpaka juu kifunikwe kabisa, shindilia kidogo. Maranda yawe makavu. Funika kwa bati la chuma lisilo na zinki na uzibe ukingo wote kwa tope, uache tundu dogo kama la msumari gesi itoke, maana ukifunga kabisa itapasuka. Zungushia kuni debe lote, washa, utaona moshi mweupe unatoka kwenye tundu, halafu unakuwa wa njano, baadae ulimi wa moto. Ulimi ukizimika wenyewe, endelea na kuni saa nzima mpaka debe liwake wekundu kwa chini, halafu acha moto ufe na uzibe lile tundu kwa tope.

Usifungue. Najua utatamani. Ukifungua kikiwa cha moto hewa inaingia na weusi unageuka mabaka ya kijivu na kahawia, mbele ya macho yako. Lala.

Nafungua sasa, ni saa mbili asubuhi, debe la baridi kabisa. Natoa maranda, yamekuwa mkaa... hiki hapa. Nakifuta majivu kwa kitambaa kikavu. Kina doa moja dogo la kahawia hapa kitakoni, mfuniko ulivuja kidogo upande huu, wengine mnaweza kukirudisha kwenye maranda mkachoma tena, mimi nitaliacha. Nakipaka nta ya nyuki kidogo sana kikiwa na uvuguvugu wa jua, nasugua.

Hiki si cha kupikia wala kuwekea maji, kinavuja, na mng'ao hautapenda maji. Ni cha kukaa mahali penye mwanga wa pembeni. Gonga hivi kwa kucha, sikia. Kikilia kengele hakina ufa, kikilia tap kuna ufa mahali, utafute. Hiki kinalia. Nakiweka hapa dirishani pale pale kilipokuwa kile cha mwanzo, na udongo wa kingine uko kwenye ndoo umelala wiki ya pili sasa.